Viumbe wa Ghorofa ya Sita: kisa cha komiki iliyochora uongo

Muswada ni wa komiki ya upelelezi yenye kurasa 46. Jengo la ghorofa saba limesimama bila madirisha wala milango. Ujenzi ulikwama miezi mingi fedha zilipokatika, sasa mkandarasi amerudi na vibarua wameitwa tena. Usiku wa tatu tangu kazi ianze, mlinzi, Mzee Kombo, anasikia mkoromo ghorofa ya sita, mahali ambapo hapalali mtu. Anachukua tochi, anapanda. Juu anakutana na nyuso tatu nyeupe, midomo hazina, macho meusi tii, zinayumba kushoto na kulia huku zikitoa mlio mrefu wa "shhhh". Anashuka ngazi mbilimbili, tochi anaiacha huko huko. Asubuhi habari imeenea saiti nzima na vibarua wanaapa hawavuki ghorofa ya tano. Haipiti wiki, nondo na mabomba ya jukwaa yanaanza kupotea.

Anayefumbua fumbo ni Zuhura, mtunza stoo. Hana bastola wala kipaji cha ajabu, ana daftari la vifaa vilivyoingia na vilivyotoka. Washukiwa ni watatu: fundi umeme aliyefukuzwa bila kulipwa, jirani anayelalamika kwamba jengo litamzibia mwanga, na Bakari, msimamizi wa saiti. Ukweli unafika ukurasa wa 43. Viumbe wale ni makinda wa bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo, na mwizi ni Bakari. Aliwakuta ndege siku ya kwanza alipokagua jengo, akanyamaza. Ghorofa ambayo hakuna anayethubutu kuipanda ilimfaa kuliko stoo yoyote: vifaa vinapandishwa kwa winchi mchana kweupe kana kwamba ni vya kazi, usiku vinateremshwa kwa kamba upande wa nyuma.

Nimetoa jibu mwanzoni makusudi. Anayetaka kushtuka asubiri komiki yenyewe. Hapa tunaangalia fumbo limefungwa vipi, na kwa nini muswada wa kwanza, wenye kisa kizuri hivi, ulimfanya kila aliyeusoma afike ukurasa wa 43 akiwa amekasirika.

Hoja yangu ni moja. Kwenye riwaya, mlinzi akisema "niliona jitu", uongo ni wake, mwandishi hana hatia. Kwenye komiki, jitu likishachorwa limekuwepo. Picha ni ushahidi uliotolewa mbele ya msomaji, na shahidi huyo hana ruhusa ya kusema uongo. Ana ruhusa ya kunyamaza tu. Karibu kila kasoro ya muswada huu ilitokana na kuchanganya mambo hayo mawili.

Ukurasa wa 9

Mchoraji alijaza ukurasa mzima. Mijitu mitatu ya kimo cha mita tatu, mikono hadi magotini, makucha, macho mekundu yanayowaka. Mbele yao, kwa nyuma, tunamwona Mzee Kombo mdogo na tochi yake. Kama mchoro unaotundikwa ukutani, hongera. Kama ukurasa wa hadithi ya upelelezi, umekufa.

Mwandishi alijitetea: "Ndivyo mlinzi alivyoona." Sivyo. Angalia tulivyosimama. Sisi wasomaji tuko nyuma ya mlinzi, tunamwona yeye na mijitu kwa pamoja. Mtu hawezi kuuona mgongo wake mwenyewe, kwa hiyo macho yale si yake, ni ya msimulizi. Msimulizi ametuambia kwa kalamu yake kwamba mijitu ya mita tatu ilikuwa imesimama pale. Kurasa 34 baadaye anatuambia ni ndege. Msomaji wa komiki hurudi nyuma kukagua, kwa sababu kurudi hakumgharimu kitu: anafunua, anaangalia, anafunga, na hanunui toleo la pili.

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliorodhesha amri kumi za utanzu huo. Ya pili inafuta nguvu zote zisizo za kawaida. Ya nane inamkataza mpelelezi kuokota kidokezo ambacho msomaji haonyeshwi papo hapo. Waandishi wamezivunja amri hizo mara nyingi na wengine wamezivunja vizuri, lakini Knox alikuwa akifikiria maneno. Kwenye picha amri ya nane inakuwa kali zaidi, maana msomaji haambiwi kidokezo, anakiona kwa macho yake. Ukimchorea makucha, umempa makucha. Huwezi kumnyang'anya baadaye.

Basi mlinzi aogopeshwe na nini, ikiwa hatuwezi kumchora mnyama asiyekuwepo? Jibu limo kwenye hesabu ya umbali. Kitu chenye kimo cha sentimita 35 kikiwa mita 4 kutoka kwako kinajaza jicho lako sawasawa na mtu wa sentimita 175 aliye mita 20. Gizani huna kipimo. Huoni sakafu, huoni nguzo, na tochi inaangaza kile kilicho cheupe peke yake. Mzee Kombo anadhani anatazama ukuta wa mbali wa ghorofa, mita 20 mbele. Kumbe kati yake na ukuta huo kuna boriti inayovuka juu ya tundu la lifti, na nyuso zimejipanga juu ya boriti hiyo, mita 4 tu. Macho yake hayajamdanganya hata kidogo. Alichokosea ni umbali, na kila aliyewahi kutembea usiku kwenye jengo lisilokamilika amewahi kukosea hivyo.

Kwa mchoraji hii ni zawadi. Fremu sahihi, yaani kisanduku cha picha, ni nyeusi yote, nyuso tatu katikati, na hakuna kitu kingine cha kulinganishia: hakuna nguzo, hakuna mkono wa mlinzi, hakuna ukingo wa slabu. Kila mstari wa wino ni kweli tupu. Msomaji mwenyewe ndiye atakayewapa kimo cha mtu, na atakaporudi kutoka ukurasa wa 43 ataona kwamba hakuna aliyemdanganya. Mchoraji alilalamika kwamba fremu hiyo "haina kitu". Ina kila kitu, ila kipimo.

Kuna jambo dogo la mpangilio ambalo muswada ulilisahau, nalo ni la kawaida hata kwa watu wazoefu. Kwenye kitabu kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kurasa za namba witiri hukaa kulia. Ukurasa wa 9 unamwangalia ukurasa wa 8. Msomaji anapoanza kusoma jinsi mlinzi anavyopanda ngazi, pembe ya jicho lake tayari imeshanasa mijitu upande wa pili, na mshtuko umekwisha kabla haujaanza. Nyuso zilihamishiwa ukurasa wa 10, juu kushoto. Ukurasa wa 9 sasa unaishia na mkono wa mlinzi ukisukuma turubai, na mkono wa msomaji ndio unaofunua.

Ndege anatosha

Nilipopendekeza makucha yaondoke, pingamizi la kwanza lilikuwa kwamba ndege haogopeshi. Mwaka 2017 video fupi ilizunguka dunia nzima. Makinda wa bundi weupe wamesimama wima kwenye kona ya jengo linalojengwa Visakhapatnam, India, wanamtazama anayewapiga picha. Hakukuwa na giza wala ukungu, na bado watu wengi sana waliulizana kama wale ni viumbe kutoka sayari nyingine. Na Septemba 1952 huko Flatwoods, West Virginia, kikundi cha watu, wengi wao wavulana, walipanda kilima jioni na kurudi wakisimulia kiumbe cha mita tatu chenye uso unaong'aa kilichofoka na kuwajia. Mchunguzi Joe Nickell alipolipitia tukio hilo miaka mingi baadaye, alihitimisha kwamba walimwona bundi wa aina hii hii akiwa juu ya tawi. Mtu anaweza kumbishia Nickell, lakini kwa mtunzi funzo ni hilo hilo: bundi huyu halazimiki kusaidiwa na makucha ya kubuni.

Tena biolojia yake inajenga kisa kuliko mwandishi alivyojua alipomchagua. Kwanza, bundi mweupe hupenda mahali palipotulia: minara, maghala, mapagala. Jengo lililokwama miezi mingi ni mwaliko. Kwa hiyo swali la "kwa nini viumbe wametokea sasa?" lina jibu safi. Hawakutokea sasa. Waliingia kazi iliposimama, na waliorudi ni watu. Muswada wa kwanza haukuligusa swali hili kabisa, wakati ndilo swali ambalo mpelelezi yeyote angeanza nalo.

Pili, hajengi kiota. Mayai hutagwa juu ya sakafu tupu au juu ya mabaki yake mwenyewe, kwa kupishana siku mbili au tatu, na mama huanza kuatamia tangu yai la kwanza. Baada ya siku kama 30 makinda huanguliwa kwa kupishana vile vile, na ndiyo maana ndugu wa tundu moja hutofautiana ukubwa: mmoja mkubwa, mmoja wa kati, mmoja mdogo. Kwa mtu aliyeshikwa na hofu ni familia ya mizimu imepangwa kwa kimo. Kwa mtu anayewajua ndege ni kidokezo kinachopiga kelele.

Mkoromo nao ni wao. Makinda wenye njaa hutoa sauti ya kukwaruza, ndefu, yenye kurudiarudia, inayofanana sana na mtu anayekoroma. Mlio wa "shhhh" na kule kuyumba kichwa ni namna yao ya kumtisha adui. Midomo haionekani kwa sababu mdomo wa bundi huyu umeelekea chini, umezikwa kati ya manyoya ya uso. Uso wenyewe, ule moyo mweupe, kazi yake ni kukusanya sauti na kuipeleka kwenye masikio mawili yasiyokaa kimo kimoja, ndiyo maana mzazi wao humkamata panya hata kwenye giza totoro.

Na mzazi huyo huruka bila sauti. Ukurasa wa 21 una fremu nne za umbo jeupe likipita mbele ya kibarua aliyebaki kufunga vifaa jioni. Toleo la kwanza lilijaza "VUUUP!" kwa herufi nyekundu. Herufi zile ni uongo mwingine, mdogo lakini ni uongo: ncha za manyoya ya mabawa yake zimechanika na kuwa laini, zinavunja upepo ili usivume. Mwandishi wa herufi, yule anayeandika maneno na milio ndani ya fremu, alizifuta. Sasa fremu nne ziko kimya, na ukimya wenyewe umegeuka kidokezo, maana kinyago cha mtu kingefanya kelele.

Vidokezo viwili vya kuonekana ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Cha kwanza ni michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege ukutani chini ya boriti. Kwenye jengo lingine lolote mtu angejiuliza. Kwenye saiti, ambako kila ukuta una matone ya chokaa na rangi, haimshughulishi mtu. Imechorwa tangu ukurasa wa 4, Bakari akiwa amesimama mbele yake na kofia yake ya plastiki, na hakuna msomaji hata mmoja kati ya waliojaribishiwa aliyeitilia maanani. Cha pili ni vidonge. Bundi humeza panya mzima, na visivyosagika, yaani manyoya na mifupa, hutapikwa vikiwa vimeviringana. Kikiwa kibichi kidonge huwa cheusi na kinang'aa. Ukurasa wa 13 Zuhura anakipiga teke kimoja kwenye ngazi bila kuangalia chini. Ukurasa wa 30 mvua imenyesha, kidonge kimelowa na kufumuka, na ndani yake kuna fuvu zima la panya, meno mawili ya mbele bado yana rangi ya chungwa. Fremu hiyo ni ndogo, imebanwa chini kushoto. Zuhura anachuchumaa. Hasemi kitu.

Linganisha na toleo la kwanza, ambamo Zuhura alitoa unyoya mfukoni ukurasa wa 41 na kusema alimpelekea mtaalamu. Unyoya gani? Aliuokota wapi? Knox angeufunga muswada hapo hapo.

Bomba la mita 2

Mzimu wa saiti una sauti mbili. Mkoromo ni wa makinda, na usiku wenye upepo kuna mvumo mzito unaotoka upande wa nyuma. Mwandishi aliuweka mvumo huu kwa ajili ya kutisha tu, hakuwa na mpango nao. Kwangu ndio uliokuwa mlango wa kumkamata Bakari.

Mabomba ya jukwaa yamelazwa ukingoni mwa slabu ya ghorofa ya nne, midomo ikiangalia nje. Upepo ukikatiza kwenye mdomo wa bomba, hewa ya ndani hutetemeka, na kasi ya mtetemo hutegemea urefu wa bomba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Bomba lililo wazi pande zote mbili lenye urefu wa mita 6 lina noti ya chini ya kama hezi 29, yaani mitetemo 29 kwa sekunde, karibu na mpaka wa sikio la binadamu, kwa hiyo hilo huhisiwa zaidi ya kusikiwa. La mita 2 linatoa kama hezi 86, ambayo iko kwenye kina cha sauti ya mwanamume anayeongea. La mita 1 linatoa mara mbili ya hapo, kama hezi 170, na hapo tumeingia kwenye sauti ya mwanamke.

Sasa kisa kinajiandika chenyewe. Bakari anaanza kuiba mabomba ya mita 2, ambayo hayana kazi kubwa mkononi na yanauzika haraka. Yanapokwisha, yanabaki ya mita 1. Upepo ukivuma tena, sauti imepanda. Vibarua wanaambiana kwenye foleni ya asubuhi: "Sasa kaja na mkewe." Wanacheka kwa woga. Zuhura anafungua daftari. Daftari linasema mabomba ya mita 2 hayajatoka stoo hata moja. Upepo unasema hayapo.

Uzuri wa hapo ni kwamba komiki haina sauti, na bado kidokezo ni cha sauti. Mwandishi wa herufi aliubeba mzigo wote. Mvumo wa kurasa za mwanzo umeandikwa "UUUUU", herufi nene, pana, zimekaa chini ya fremu karibu na sakafu. Kuanzia ukurasa wa 26 ni "IIIII", nyembamba, ndefu, zimepanda juu. Hakuna mhusika anayelitaja badiliko hilo kabla ya utani wa vibarua. Ukurasa wa 35 Zuhura anaokota kipande cha bomba, anakiweka mdomoni, anapuliza. Kwenye fremu ile ile, nyuma yake, jengo linamjibu kwa herufi za namna moja. Nadhani ndio ukurasa bora wa kitabu kizima, na umetokana na kitu ambacho mwanzoni kilikuwa pambo.

Mzee Kombo

Kwenye toleo la kwanza mlinzi alikuwa wa kuchekesha. Alijikwaa, alipoteza kofia, kila aliposimulia aliongeza jitu moja. Msomaji alifundishwa kumdharau, na Zuhura alimdharau pia, kisha akafumbua fumbo bila msaada wake. Mimi hilo lilinikera kuliko makucha. Mzee Kombo ndiye shahidi pekee wa macho, na ukipima maneno yake dhidi ya ukweli, amesema kweli kwa kila kitu isipokuwa umbali. Idadi ni sahihi. Tofauti ya vimo, weupe, macho, mwendo, sauti: vyote sahihi. Mashahidi wangapi wa mahakamani wanafikia hapo?

Mahojiano ya ukurasa wa 11 na 12 yaliandikwa upya yote. Sasa yanakwenda hivi:

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuuliza. Walikuwa wangapi?"

"Watatu. Mkubwa, wa kati, mdogo."

"Walikuwa na mikono?"

"Mikono sikuiona."

"Walikufuata uliposhuka?"

Mzee Kombo anafikiri fremu nzima. "Hawakunifuata. Walikuwa wanayumba pale pale. Ungesema wao ndio wananiogopa mimi."

Jibu la "sikuiona" ndilo linalobeba mazungumzo yote. Kwenye toleo la kwanza alisema "mikono mirefu yenye makucha", na kwa hilo mwandishi alikuwa amelazimisha mlinzi athibitishe picha ya mchoraji, wakati inapaswa kuwa kinyume chake. Mtu anayekiri asichokiona anaaminika kwa alichokiona. Na ile sentensi ya mwisho, kwamba viumbe ndio waliokuwa wakimwogopa, ni ufumbuzi mzima uliotolewa ukurasa wa 12, mbele ya kila mtu. Zuhura haulizi tena. Anaandika kwenye daftari lake la stoo, chini ya mstari wa misumari.

Bakari bila shuka

Muswada wa kwanza ulikuwa na mzuka wa pili: Bakari mwenyewe, amevaa shuka na kinyago, akitembea ghorofa ya sita ili kukoleza hofu. Ukurasa wa 42 Zuhura anamvua kinyago. Kumtetea mwandishi kidogo, desturi ya mzuka kugeuka kuwa mtu mwenye kinyago ni nzito. Mwaka 1954 wachapishaji wa komiki wa Marekani walijiwekea kanuni iliyopiga marufuku vampaya, maiti wanaotembea na jamaa zao, ikalegezwa mwaka 1971. Na tangu katuni ya Scooby-Doo ianze kurushwa kwenye televisheni Septemba 1969, vizazi kadhaa vimelelewa vikijua kwamba ndani ya kila mzuka wa jengo kuna mtu mzima mwenye maslahi yake.

Lakini ndiyo sababu kinyago kinapaswa kuondoka. Msomaji anakisubiri. Tangu ukurasa wa 10 anatafuta binadamu ndani ya zile nyuso, anapima washukiwa kwa kimo, anajiuliza nani ana shuka. Akitafuta mtu hawezi kumwona ndege, hata ndege akichorwa mbele yake kwa ukamilifu. Desturi inafanya kazi ya kuficha bila malipo, na mwandishi alikuwa anaitupa kwa kumpa msomaji hasa kile alichokitarajia.

Bakari asiye na kinyago anatisha zaidi, tena. Hakutengeneza kitu. Alikuta hofu ya watu wengine imelala pale, akaifanya kufuli ya mali aliyoiiba. Kosa lake la kwanza ni kunyamaza. Ukurasa wa 4, ule wenye michirizi myeupe, anatazama juu, kwenye kitu kilicho nje ya fremu. Kisha anamgeukia fundi mkuu na kusema, "Ghorofa hii tutaishughulikia mwisho." Kila neno hapo ni la kweli. Hajaulizwa kuna nini juu, hajasema hakuna kitu. Alifuata sheria ile ile ninayoidai kwa mchoraji, na hapo ndipo ninapokiri kwamba Bakari ni mhusika mjanja kuliko waandishi wake.

Fundi umeme na jirani hawana mengi. Jirani nadhani angefutwa, kurasa zake tatu zingelisaidia tukio la mvua. Waandishi walikataa, wakasema fumbo la washukiwa wawili si fumbo. Wana haki.

Kurasa za mwisho

Zuhura anapanda ghorofa ya sita mchana, pamoja na Mzee Kombo, ambaye safari hii yeye ndiye anayetangulia. Fremu ya ukurasa wa 43 ni ile ile ya ukurasa wa 10, nyuso zile zile, mistari ile ile ya wino, safari hii kuna mwanga: tunaona boriti, tundu la lifti, na tochi aliyoiacha mlinzi ikiwa imelala kando ya kinda mkubwa, inamfikia kifuani. Tochi ndiyo kipimo kilichokosekana. Mchoraji aliikopi fremu ya kwanza kihalisi, na nilimwomba asirekebishe hata unyoya, kwa sababu wapo watakaoziweka kurasa mbili sambamba.

Kwenye toleo la kwanza Zuhura aliwabeba makinda kwenye boksi hadi msituni na kuwaachia kwa tabasamu. Kinda asiyeweza kuruka akiachiwa msituni anakufa kabla ya kesho. Nchi nyingine zinamlinda kisheria: Uingereza, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, ni kosa kumbughudhi bundi huyu akiwa kwenye tundu lake. Hata kama hadithi haina nchi, msomaji anayejua ndege atajua. Makinda huanza kuruka wakiwa na wiki kama nane au tisa, na hawa wameshazivuka kadhaa. Kwa hiyo mhandisi anafunga ghorofa ya sita kwa muda, kazi inaendelea chini, na vibarua wanaopandisha zege ghorofa ya tano wanasikia mkoromo juu ya vichwa vyao na kuendelea na kazi. Bakari anaonekana mara moja tu, akisaini daftari la Zuhura kwenye safu ya "kutoka", mkono wa askari ukiwa begani kwake.

Kilichobaki ni jalada, nalo halijaisha kujadiliwa. Mchapishaji anataka mijitu ya zamani irudi hapo, makucha na macho mekundu, kwa hoja kwamba jalada ni tangazo na tangazo halimo kwenye mashindano. Komiki nyingi zimeuzwa hivyo, siwezi kubisha. Lakini jalada ndiyo picha ya kwanza anayoiona msomaji, na mtu aliyefika ukurasa wa 43 akafunga kitabu atalikuta tena mkononi mwake. Mchoraji ameleta mbadala: tundu la lifti kutoka chini, giza, na juu kabisa vitone vitatu vyeupe vya ukubwa tofauti. Mimi napiga kura hapo. Mwandishi yuko upande wa mchapishaji.